Maswali ya Wasomaji: Kuishi chini ya Mlima Hanang

Vuli inapokaribia, barua kuhusu Hanang huongezeka. Wengi wanaulizia maporomoko ya tope ya Desemba 3, 2023, yaliyoua watu 89 Katesh na vijiji vya jirani, mkoani Manyara.

Huku kwetu wapo wanaosema mlima ulilipuka. Wengine wanasema yalikuwa mafuriko tu. Tushike lipi? — Msomaji, Babati

Haukulipuka. Hanang ni volkano iliyolala, na asubuhi ile hakukuwa na moto wala majivu. Wataalamu wa serikali walioukagua walieleza kwamba sehemu ya mlima yenye miamba laini ilinyonya maji ya mvua mpaka ikalemewa, ikameguka, na tope likashuka kwa kufuata mkondo wa Mto Jorodom. Vuli ya mwaka ule ilikuja na El Niño, na ardhi ilikuwa imeshashiba maji.

Wala hayakuwa mafuriko ya kawaida. Mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa kilo 1,000, lakini tope lililochanganyika na mawe hukaribia kilo 2,000. Ndiyo maana lilibeba magogo na mawe ambayo maji matupu yangeyaacha palepale, na kuta zilizowahi kuhimili mafuriko zikalala. Kilele kiko zaidi ya mita 1,500 juu ya mji, kwa hiyo tope likishaanza kushuka, walio bondeni wanabakiwa na dakika chache. Siku ile ilikuwa Jumapili alfajiri, na wengi walikuwa bado kitandani.

Nimepata kiwanja kwa bei nzuri, hatua kama 80 kutoka kwenye korongo kavu. Muuzaji anasema sheria inataka mita 60 tu. Ninunue? — Kijana anayejipanga, Katesh

Usitoe pesa kwanza. Mita 60 zilizotajwa katika Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 ziliwekwa kulinda mito na vyanzo vya maji. Hazikupimwa kwa ajili ya tope la mlimani. Tope hujaza korongo kwa mawe na magogo, kisha linalofuata nyuma hutafuta njia mpya, pengine katikati ya viwanja. Halafu pima kwa futi kamba, maana hatua 80 za mtu wa kawaida zinaweza zisifike hata mita 60.

Nenda kiwanjani na jembe. Angalia kwanza mawe yaliyozagaa juu ya ardhi: jiwe kubwa kuliko debe, likiwa peke yake kwenye shamba tambarare, halikuota hapo. Kisha tafuta shimo la choo linalochimbwa jirani, au chimba lako la mita 1.5, na usome ukuta wake. Ukiona mchanga na kokoto zimejipanga kwa tabaka, za saizi moja pamoja, hayo ni maji ya mto. Ukiona mawe ya kila saizi, yenye kona, yameshikwa ovyo ndani ya udongo kama zabibu kwenye keki, basi tope limewahi kupita hapo, hata kama hakuna mzee anayelikumbuka. Kama lilishapita, linaweza kupita tena.

Mwisho, panda kando ya korongo ukaangalie linakotokea. Likianzia kwenye genge lililomeguka, lenye udongo mtupu usioota kitu, kiwanja hicho kiache, bei iwe nzuri vipi. Mwinuko ulio pembeni, hata wa mita chache juu ya ukingo, ni bora kuliko umbali mkubwa kwenye tambarare.

TMA wakitangaza "angalizo", tuhame? — Mama mwenye duka, Gendabi

Hapana, mama, ila jiandae. TMA, yaani Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, hutumia ngazi tatu: angalizo (njano), tahadhari (rangi ya chungwa) na tahadhari kubwa (nyekundu). Mvua kubwa kwao ni ile inayozidi milimita 50 ndani ya saa 24. Milimita moja ni lita moja kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo milimita 50 kwenye bati la mita za mraba 60 ni lita 3,000.

Utabiri ni wa eneo pana, kwa hiyo pimeni wenyewe. Kata chupa ya plastiki ya lita 1.5 pale shingo inapomaliza kupanuka, geuza shingo iwe faneli. Kitako cha chupa kina mabonde na kitadanganya kipimo: tia kokoto, mimina maji mpaka yafike sehemu iliyonyooka, na hapo ndipo sifuri. Bandika rula ya milimita. Funga kwenye nguzo ya mita moja, mbali na mti au paa kwa angalau mara mbili ya urefu wake. Soma kila siku saa 3 asubuhi, andika, rudisha maji kwenye sifuri. Siku tatu mfululizo za mvua nyingi zinatisha kuliko siku moja, kwa sababu mlima huwa umeshashiba. Mwenye kipimo cha pili kitongoji cha juu awapigie simu. Mara nyingi mvua humwagika mlimani huku mjini ni manyunyu.

Kuna dalili zisizosubiri tangazo. Korongo lililokuwa likitiririka likikauka ghafla wakati mvua inaendelea, limezibwa juu na linajaa. Maji yakigeuka mazito na kuleta mizizi mibichi, au mkisikia mngurumo usiokatika, tokeni. Msikimbie kufuata bonde kuelekea chini wala msivuke daraja. Kateni pembeni, mpande. Usiku wa mvua wekeni zamu ya watu wawili wenye filimbi, na mwenyekiti wa kitongoji ajue. Kamati za maafa za kijiji zipo kisheria. Zidaini ratiba hiyo.

Tukipanda miti mlimani, maporomoko yataisha? — Mwalimu, Singida

Itapunguza mmomonyoko na maporomoko ya juujuu, kwani mizizi mingi hushika mita moja au mbili za udongo. Mwamba uliolowa kwa ndani zaidi hauzuiwi na mti. Pandeni, lakini msijenge kwenye njia ya tope kwa kutegemea miti.

Tope likiingia ndani ya nyumba, tuanzie wapi? — Msomaji, Katesh

Zimeni umeme kwenye meni swichi, mkiwa mmesimama pakavu. Kama imezama, mwiteni fundi wa umeme. Ondoeni tope kidogokidogo ndani na nje kwa usawa, maana upande mmoja ukibaki umejaa husukuma ukuta. Kuta za matofali mabichi zikagueni mistari ya chini: kidole kikizama, msilale humo hata kama ukuta umesimama, kwani mara nyingi huanguka baada ya siku kadhaa. Vaeni gambuti. Aliyechomwa na bati au msumari aende zahanati kwa chanjo ya pepopunda. Maji ya kisima kilichofunikwa msinywe mpaka kisima kisafishwe na kutiwa klorini.