Plasmidi kuonekana si kunakiliwa: kwa wanaofanya kazi na oriP

Msomaji ameniandikia: siku mbili baada ya kuiingiza plasmidi (duara dogo la DNA) yenye oriP (kianzio cha kunakili DNA cha virusi vya Epstein-Barr) kwenye seli, PCR (kipimo kinachozidisha DNA ili ionekane) bado inaiona. Je, aandike kuwa imenakiliwa? Hapana, asiandike. Anachokiona ni DNA aliyoiweka mwenyewe.

Virusi vya Epstein-Barr vikijificha ndani ya seli B, DNA yao ya jozi za besi kama 172,000 hujifunga duara kwenye kiini na kutegemea mitambo ya seli. Protini ya EBNA1 hushika oriP sehemu mbili: kwenye marudio 20 huifunga DNA kwenye kromosomu isipotee seli ikigawanyika, na kwenye zile nafasi 4 za jirani ndipo ORC na MCM, protini za seli zinazoanzisha unakili, hujipanga. Kisha DNA hiyo hunakiliwa mara moja tu kwa kila mzunguko wa seli, awamu ya S (awamu ya kunakili DNA). Polimerasi ya virusi (kimeng'enya chao cha kunakili DNA) haihusiki, ndiyo maana asikloviri, dawa inayoizuia, haigusi hatua hii. Kwa hiyo seli zikijaa sahani na kuacha kugawanyika, usitegemee nakala mpya.

Ushahidi hutolewa na DpnI. Kimeng'enya hiki hukata GATC (mfuatano wa herufi za DNA) zilizotiwa alama ya methili na bakteria, na seli za binadamu haziweki methili hiyo. Nakala ya kwanza huwa na uzi mmoja wa zamani. Molekuli zisizo na methili kabisa, ambazo DpnI haizikati, huanza kupatikana baada ya mzunguko wa pili. Basi subiri saa 72 hadi 96, utoe DNA kwa njia ya Hirt (hutoa DNA ndogo na kuacha kromosomu), uikate kwa kimeng'enya kinachoikata plasmidi mahali pamoja tu, kisha nusu yake uitie DpnI.

Hapa ndipo wengi huharibu. Njia ya Hirt huacha chumvi nyingi (NaCl ya mola 1), nayo huizuia DpnI. DNA isiyokatwa inasomwa kama ushindi! Osha mashapo ya DNA kwa ethanoli ya asilimia 70, na ndani ya mrija huohuo tia plasmidi nyingine ya bakteria yenye ukubwa tofauti. Hiyo isipokatika yote, tupa matokeo. Bakteria waliozalisha plasmidi wawe dam+ (wenye kimeng'enya cha kutia methili kwenye GATC), la sivyo DpnI haitakata chochote. Kwa qPCR (PCR ya kupima kiasi), vianzishi viwe pande mbili za GATC kadhaa. Weka pia plasmidi isiyo na oriP na seli zisizo na EBNA1. Narudia, zote mbili.

Ukiondoa haigromaisini (dawa inayoua seli zisizo na plasmidi), hata plasmidi iliyokwisha kutulia hupungua kwa takriban asilimia 2 hadi 5 kila kizazi cha seli. Upungufu huo ni wa kawaida.