Kabla hujaiwasha upya seva ukiwa mbali

Wiki hii wadogo zangu wawili wamenipigia simu wakihema. Mmoja yuko safarini, kaandika `shutdown -h now` (kuzima) akikusudia `-r` (kuwasha upya), na seva ya nyumbani ikatii: ikazima, kimya. Mwingine kaiwasha upya mashine nzima kwa ajili ya mstari mmoja wa smb.conf, faili la mipangilio ya Samba, programu inayoshirikisha mafaili ya seva na kompyuta za Windows. Nawapenda sana, lakini haya tumeshayasema, jamani.

1. Ukigusa smb.conf, pitisha `testparm` ikague makosa, kisha washa upya smbd, huduma ya Samba yenyewe, peke yake. Na Windows 98 ikigoma kuingia baada ya kusasisha Samba, usikimbilie kuzima na kuwasha. Tangu toleo la 4.11 la mwaka 2019, SMB1, itifaki ya zamani ya kushirikisha mafaili, huja imefungwa. Anza na `server min protocol = NT1` kuifungua tena, na mashine hizo kongwe uzitenge kwenye mtandao wao.

2. Soma fstab, orodha ya diski za kupandishwa (kuunganishwa kwenye folda zake) seva inapowaka, kwa macho yako, mstari kwa mstari. Hapa ndipo nilipoungulia.

Nilikuwa nimechomoa diski moja iliyoanza kufa, na mstari wake nikauacha kwenye fstab. Miezi miwili ikapita salama, kwa kuwa seva haikuzimwa. Usiku mmoja, nikiwa mbali, nikaweka kerneli mpya (kiini cha mfumo) na kutaka niimalize kabla sijalala. Haikuwa na haraka yoyote. Nikaandika `reboot`. Nikapiga ping dakika tano, kumi, ishirini. Hakuna jibu, na VPN yangu, njia yangu ya kuingia mtandao wa nyumbani, ilikuwa ndani ya seva hiyo hiyo.

Nikampigia baba. Akaunganisha skrini, akanisomea herufi moja moja. Systemd, programu inayoanzisha huduma mfumo unapowaka, ilikuwa imeisubiri diski ile sekunde 90, ikakata tamaa na kuingia hali ya dharura. "Inasema akaunti ya root imefungwa, nibonyeze Enter." Bonyeza, baba. "Imerudi pale pale." Tukarudia mara nne. Kisha akasema kwa upole, "Nilikuwa nanakili flopi zangu, mwanangu. Nisubiri?"

Sikuwa nimemuuliza. Alikuwa kwenye Windows 98 yake, anahifadhi nakala za flopi moja kwa moja kwenye seva, na ndani ya kiendeshi ilikuwamo ile yenye programu ya kwanza aliyoiandika kwa lugha ya QBasic. Ilikuwa imekataa kusomeka jioni nzima, hatimaye ikakubali. Nilipofika nyumbani siku ya tatu, nikafuta ule mstari, seva ikawaka, nikafungua folda. Nakala ya flopi ya MB 1.44 huwa na baiti 1,474,560. Ile ilikuwa na baiti 0. Tulijaribu viendeshi vitatu. Flopi haikusomeka tena. Baba hajanilaumu hata siku moja, na mimi sijasahau.

Kwa hiyo: `findmnt --verify` kila mara ikague fstab, na `nofail` kwenye mstari wa kila diski isiyo ya mfumo, ili seva iwake hata diski ikikosekana. Ila nofail nayo ina mtego wake. Diski isipopanda, folda tupu hubaki wazi na kompyuta kongwe itaandika humo, ijaze diski ya mfumo. Funga folda hiyo isiandikike kwa `chattr +i` wakati diski haijapandishwa.

3. `smbstatus` kwanza, ikuonyeshe nani anatumia mafaili ya seva. Ukiona faili lililofunguliwa, acha.

4. VPN ikae kwenye ruta au kikompyuta kingine kisichozimwa. Hicho ndicho kitakachotuma pakiti ya kuamsha seva iliyozimwa kwa bahati mbaya: baiti 6 za FF, kisha anwani ya MAC (ya kadi ya mtandao ya seva) mara 16. Wake-on-LAN, uwezo huo wa kuamshwa, iwashwe kwenye BIOS (mipangilio ya msingi ya mashine) mapema, ukiwa umekaa mbele ya mashine.

5. Mpigie aliye nyumbani. Muulize kama kuna flopi ndani ya kiendeshi, na umwache aitoe kwanza.