Sheria na Ajira: Maswali ya Wasomaji

SWALI: Nina kambi ya wageni Marangu. Wapishi na wahudumu nawahitaji Juni hadi Oktoba tu. Naruhusiwa kuwapa mkataba wa miezi mitano? – Mwajiri, Moshi

JIBU: Sasa unaruhusiwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 14, iliacha mikataba ya muda maalumu kwa wataalamu na kada ya uongozi peke yao. Marekebisho yaliyopitishwa na Bunge mapema mwaka 2025 yameongeza, pamoja na mengine, kazi za msimu na kazi zinazoongezeka kwa muda.

Mkataba uwe wa maandishi na utaje sababu: "kazi ya msimu wa watalii, 1 Juni hadi 31 Oktoba". Ukiandika tarehe bila sababu, kesho utashindwa kuonyesha kwamba kazi ilikuwa ya msimu kweli. Na mkataba ukipotea, mzigo wa kuthibitisha masharti ni wako, si wa mfanyakazi.

Waajiri wengi huteleza kwenye ahadi za mdomo. Mpishi uliyemwita misimu mitatu mfululizo, ukamuaga kwa "tutaonana Juni", ana matarajio ya haki ya kurudishwa. Usipomwita, kifungu cha 36 kinahesabu kuwa umemwachisha kazi. Kama hujui utamhitaji, mwambie hivyo kwa maandishi kabla hajaondoka. Usisahau pia likizo: mfanyakazi wa msimu ana haki ya likizo yenye malipo hata kama hajatimiza miezi sita.

SWALI: Nimepika hotelini miaka minne na miezi saba, mshahara 390,000 kwa siku sita za wiki. Jumatatu meneja kaniambia "usije kesho". Nina haki gani? – Mpishi, Arusha

JIBU: Ndugu yetu, anza na kalenda. Una siku 30 tangu kuachishwa kufungua mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA). Wengi huzimaliza siku hizo wakimsubiri bosi "atulie". Ukichelewa, itabidi uombe kuongezewa muda kwa fomu CMA F.2 na ueleze kila siku uliyochelewa. Maombi ya namna hiyo hukataliwa mara nyingi.

Chukua fomu CMA F.1. Jaza na sehemu B, ile ya waliokatishwa ajira, maana ndiyo inayorukwa kuliko zote. Andika kila unachodai, kwa kuwa usichodai humo ni vigumu kupewa baadaye. Mpe mwajiri nakala, asaini kupokea, kisha peleka fomu Tume pamoja na uthibitisho huo. Usuluhishi una siku 30. Msipoelewana, shauri linakwenda kwenye uamuzi.

Notisi ya anayelipwa kwa mwezi ni siku 28, kwa maandishi, yenye sababu na tarehe. Neno la mdomo la meneja si notisi. Kiinua mgongo ni mshahara wa siku saba kwa kila mwaka uliotimia, kisichozidi miaka 10. Gawa 390,000 kwa 26 (wiki 4.333 mara siku sita): siku moja ni 15,000. Siku saba ni 105,000. Kwa miaka minne, 420,000. Ile miezi saba haihesabiki. Juu yake dai siku za likizo ambazo hukuchukua, mshahara wa siku ulizofanya kazi na cheti cha utumishi. Fidia ya kuachishwa isivyo halali ni dai la peke yake, liandike pia.

SWALI: Nimejifungua mtoto njiti wiki ya 33. Likizo yangu ni zile siku 84 tu? – Mama, Moshi

JIBU: Hapana, dada. Marekebisho hayohayo ya mwaka 2025 yanakuongezea muda uliobaki kufikia wiki 40. Kwako ni wiki saba, yaani siku 49, kwa hiyo jumla ni 133. Hospitali iandike umri wa mimba kwa wiki kwenye karatasi ya kuruhusiwa. Ikiandikwa "njiti" tu, ofisi haitakuwa na cha kuhesabia. Nakala moja ipeleke kwa mwajiri mapema, nyingine ubaki nayo.