Kabla ya solo, msikilize mpiga dramu: kwa wanaoanza kusikiliza roki ya zamani

Anayeanza kusikiliza roki ya miaka ya 60 na 70 kwa kawaida hukimbilia solo ya gitaa, yaani sehemu ambapo gitaa moja linaongoza na kuonyesha ufundi wake. Ukiruka mwanzo wa wimbo ili uifikie solo, umeruka kazi yenyewe. Ufundi wa bendi hizi uko kwenye namna dramu na gitaa la rithimu (lile linaloshika mapigo ya wimbo) zinavyopishana na kuachiana nafasi. Shika hilo kwanza.

Usitumie spika ya simu. Haiwezi kutoa sauti nzito, kwa hiyo besi na ngoma ya mguu hupotea, ukabaki na gitaa na mwimbaji tu. Hedifoni za bei nafuu zinatosha, mradi zikae vizuri masikioni. Ujazo wa sauti uwe wa kadiri. Ukizidisha, matoazi hufunika kila kitu na masikio huchoka mapema.

Anza na "Honky Tonk Women" ya bendi ya Rolling Stones, ya 1969, na usikilize wimbo mzima mara tatu. Mara ya kwanza fuata dramu peke yake. Wimbo unafunguliwa na kengele ya ng'ombe (ala ya chuma inayogongwa kwa kijiti) iliyopigwa na produsa wao, Jimmy Miller, kisha mpiga dramu Charlie Watts anaingia, kisha gitaa la Keith Richards. Hesabu moja hadi nne na upige makofi kwenye mbili na nne, pale sneya, ngoma ndogo yenye mlio mkali, inapolia. Utagundua kwamba kufikia mwisho kasi imepanda. Wengi huliona hilo kama kosa, lakini ndilo linaloupa wimbo uhai. Mara ya pili fuata besi: kwenye beti haipo, inaingia kwenye kiitikio, ndiyo maana kiitikio kinasikika kipana ghafla. Mara ya tatu fuata gitaa, na uangalie hasa pale linaponyamaza.

Ukitafuta video za Watts jukwaani katika miaka ya baadaye, mtazame mkono wa kulia. Kila anapopiga sneya kwa mkono wa kushoto, wa kulia unainuka na kuacha kupiga haihati, yale matoazi mawili yanayofungwa kwa mguu. Sneya inabaki peke yake, nayo inasikika kubwa bila kupigwa kwa nguvu.

Mwenye gitaa ajaribu mtindo wa Richards. Ondoa waya wa sita, ule mnene. Wa tano ushushe kutoka A hadi G, wa kwanza kutoka E hadi D. Wa nne, wa tatu na wa pili uziache zilivyo. Sasa una G, D, G, B, D, na kidole kimoja kikilazwa juu ya nyaya zote tano kinatoa kodi kamili, yaani noti kadhaa zinazolia pamoja. Wanaong'ang'ania kuziiga rifu zake (vipande vifupi vya gitaa vinavyojirudia) kwa mpangilio wa kawaida wa nyaya hupata noti zilezile, lakini mlio unakataa.

Baada ya hapo nenda kwa John Bonham, mpiga dramu wa bendi ya Led Zeppelin, "When the Levee Breaks", 1971. Wengi hudhani siri ni nguvu za mikono. Dramu ziliwekwa kwenye ukumbi wenye ngazi ndefu katika nyumba ya Headley Grange, Hampshire, Uingereza, na fundi wa kurekodi sauti Andy Johns akatundika maikrofoni mbili juu ya ngazi hizo. Kwa hiyo unaisikia nyumba pamoja na ngoma. Bonham pia alitumia ngoma ya mguu ya inchi 26, kubwa kuliko ile ya inchi 22 iliyozoeleka. Subiri mlio wa kila pigo ufifie kabla ya pigo linalofuata. Gitaa la Jimmy Page limepangwa kuzunguka nafasi hiyo.

Kisha tafuta wimbo huohuo kama ulivyorekodiwa 1929 na Kansas Joe McCoy na Memphis Minnie, kwa magitaa mawili bila dramu, halafu urudie wa Led Zeppelin siku hiyohiyo.