Kope zinabaki kwenye pamba ukitoa mekapu?

Shosti, hizo kope unazozikuta kwenye pamba kila usiku maskara haina kosa, ni huko kusugua. Lowesha pamba na mafuta ya kutolea mekapu (maskara isiyotoka kwa maji ukiipambanisha na maji matupu utakesha), fumba jicho, bandika pamba juu yake hesabu hadi 30 bila kuigusagusa, ndo uishushe taratibu kufuata kope zilivyolala, isipotoka yote rudia na pamba mpya. Wanja wa kwenye kona tumia pamba ya kijiti. Waipsi mi sizipendi kabisa, zinavuta ngozi. Na kama unavaa lenzi zitoe kwanza jamani, mafuta yakizigusa utaona ukungu tu. Ukimaliza nawa uso.