Iliyosema na Iliyonyamaza

SWALI: Ndugu Mhariri, nina hisa katika kampuni mbili za madini. Moja ilieleza katika taarifa yake ya mwaka kwamba bwawa lake la tope la mgodi (mabaki yanayosalia madini yakishatolewa) linahitaji kuimarishwa kwa gharama kubwa, na bei ya hisa zake ikashuka papo hapo. Nyingine haijasema lolote, na bei yake imetulia. Je, si afadhali kampuni inyamaze?

JIBU: Ndugu msomaji, kushuka huko kunauma, lakini si taarifa iliyokupunguzia mali. Gharama ya bwawa ilikuwapo kabla haijaandikwa, nawe uliinunua pamoja na hisa bila kujua.

Tazama yaliyotokea Brumadinho, nchini Brazili. Tarehe 25 Januari 2019 bwawa la tope la kampuni ya madini ya Vale, ambalo wakaguzi walikuwa wamelithibitisha kuwa imara, lilibomoka na kuua watu 270. Soko lilipofunguliwa Jumatatu iliyofuata, hisa za kampuni hiyo zilipoteza takriban robo ya thamani yake kwa siku moja. (Hasara ya fedha hailinganishwi na roho za watu; naitaja kwa sababu ndiyo uliyoiuliza.) Miezi michache baadaye wawekezaji, wakiongozwa na mfuko wa pensheni wa Kanisa la Uingereza na baraza la maadili la mifuko ya pensheni ya Uswidi, waliziandikia kampuni zaidi ya 700 za uchimbaji wakizitaka zitangaze kila bwawa lilipo, ukubwa wake na aliyelikagua. Tangu hapo, kwa wawekezaji wakubwa, kampuni isiyojibu huhesabiwa kuwa na jambo inaloficha, na wakopeshaji wanaoiona hivyo hudai riba ya juu zaidi.

Hata hivyo, usiridhike na kila taarifa ndefu. Kurasa nyingi kuhusu miti iliyopandwa hazina uzito ikiwa hesabu zilizokaguliwa hazionyeshi fedha zilizotengwa kwa ajili ya kufunga mgodi na kutunza mabwawa. Kampuni yako ya kwanza imetaja gharama. Sasa angalia kama imeitenga.

Ile ya pili iandikie kabla ya mkutano mkuu wa mwaka, maana mwenye hisa ana haki ya kuuliza. Uliza ina mabwawa mangapi, watu wangapi wanaishi bondeni chini ya mabwawa hayo, na kama kuta zake zimeinuliwa juu ya tope lenyewe, kwani lile la Brumadinho lilijengwa hivyo.