Kuchagua kipunguzi: mambo ya kujua kabla hujawasha moto

Kipunguzi ni kitu kinachoondoa oksijeni kwenye oksidi, yaani muungano wa metali na oksijeni, ili metali ibaki. Wanaoanza huuliza kama kipunguzi kina nguvu ya kuipokonya oksidi oksijeni yake, wakaishia hapo. Ni swali la lazima. Kwenye mfululizo wa utendaji, yaani orodha inayopanga elementi kuanzia inayotendana kwa nguvu zaidi, kaboni iko juu ya zinki na chini ya aluminiamu, ndiyo maana chuma na risasi hutolewa kwa kaboni, ilhali aluminiamu hutolewa kwa umeme, oksidi yake ikiwa imeyeyushwa ndani ya kriolaiti (madini yenye aluminiamu na florini) kwenye nyuzi joto 950 hivi. Lakini uliza pia: je, kipunguzi kitaifikia oksidi? Na kikishaifikia, kitaacha nini ndani ya metali?

Jaribio la oksidi nyeusi ya shaba linaonyesha vizuri suala la kufikiana:

2CuO + C → 2Cu + CO₂

Gramu 159 za oksidi hutaka gramu 12 za kaboni, kwa hiyo gramu 4 hutaka 0.3. Weka 0.4, kwa sababu yabisi na yabisi hutendana pale tu punje zinapogusana. Kausha unga wote, usage pamoja hadi ulainike. Ukikoroga kwa kijiko tu, utabaki na weusi mtupu. Vaa miwani, pasha kwa moto mkali mpaka mchanganyiko uive wekundu. Kama mrija wa kutolea gesi umezama kwenye maji ya chokaa, yanayoonyesha CO₂, utoe mrija kwanza ndipo uzime moto. Gesi ikipoa hunywea, maji hupanda, na kioo cha moto hupasuka. Kisha subiri ipoe kabisa. Ukimwaga ingali moto, shaba hukutana na hewa ikarudi kuwa oksidi, na kazi yote imepotea.

Tanuru la chuma linatatua tatizo hilohilo kwa gesi. Monoksidi ya kaboni hupenya kwenye vinyweleo vya mawe yenye oksidi ya chuma, nayo ndiyo inayofanya sehemu kubwa ya kazi:

Fe₂O₃ + 3CO → 2Fe + 3CO₂

Kuhusu mabaki, tangsteni ni mfano mzuri. Kaboni ingeiondoa oksijeni, kisha ikaungana na metali yenyewe kuwa kabaidi ngumu. Hivyo hutumika haidrojeni, inayoondoka kama mvuke wa maji.

Kosa linalojirudia kwenye mitihani ni kusema kipunguzi ndicho kinachopunguzwa. Sivyo, chenyewe huoksidishwa. Hesabu namba za oksidisho, ambazo hushuka kwa kinachopunguzwa na kupanda kwa kinachooksidishwa: chuma hutoka +3 hadi 0, na kaboni ya CO hutoka +2 hadi +4.